Moto wa Mkaguzi

Jua lilikuwa limeshaaga, na ilikuwa saa tisa tu ya alasiri. Ndiyo Novemba ya huku kwetu Kainuu, kaskazini ya mbali. Ukizubaa na kahawa ya mchana, unaimalizia gizani. Saimi Hyttinen alikuwa bandani anapakia kuni kwenye kapu, na alizipakia kwa hasira. Kila gogo alilitupa kana kwamba lina jina la mtu.

Na lilikuwa nalo. Hili Puustinen. Hili Bibi Impi. Hili Puustinen tena.

Bibi Impi Karvonen ndiye aliyemuuzia nyumba. Puustinen ndiye mkaguzi wa nyumba, mtu wa mjini Kajaani, aliyekuja kuikagua ikiwa tupu kabla Saimi hajapewa funguo. Alipanda darini, akagongagonga kuta, akanusa pembe zote. Akashuka chumba cha chini kujaribu boila la kuni, lile linalochemsha maji yanayozunguka kwenye rejeta za ukutani. Akasema mtambo wote wa joto ni mzima, hauna hata mafua. Saimi akaamini. Akahamia na baba yake, mzee Eemeli, mwenye kifua kilichoharibika tangu enzi zake za kukata miti misituni.

Tangu theluji ya kwanza ianguke, nyumba haikupata joto.

Boila liliwaka. Maji yalichemka. Ukiishika rejeta unaunguza kiganja, ukirudi nyuma hatua mbili pumzi inakutoka moshi. Mzee Eemeli alilala na kofia kichwani na soksi juu ya soksi, na bado midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya zambarau. Muuguzi wa wilaya alikuwa ameshasema, kwa ule upole wao unaoua: akija Jumatatu akute baridi ileile, mzee anahamishiwa kwenye nyumba ya wazee mjini.

"Siendi," alisema mzee. "Sitaki kufa nikisikiliza televisheni ya mtu mwingine."

"Huendi," alisema Saimi. Na Saimi akisema huendi, basi huendi.

Lakini kilichomchoma roho zaidi si baridi. Mara mbili alikuwa amemwita Puustinen aje aone kosa lake. Mara mbili Puustinen alikuja na kipimajoto chake, na mara zote mbili nyumba ikawa na joto zuri la kuvua sweta. Alipoondoka tu, baridi ikarudi kabla taa za gari lake hazijapotea mtoni. Mara ya pili alimtazama Saimi kama mtu anavyomtazama mlevi anayedai nyumba inazunguka.

Leo alikuwa amewaita wote wawili, mkaguzi na muuzaji. Waje walimalize.

Akainua kapu. Ndipo akasikia.

Chaa... chaa... chaa...

Kama nyama inavyolia ikitupwa kwenye kikaango. Sauti ilikuwa inatoka njiani, inapanda kilima taratibu. Pamoja nayo ikaja harufu, harufu ya chuma kilichosahauliwa motoni. Saimi akasimama na kapu lake, nywele za shingoni zikimsimama, na yeye si mtu wa kusimamwa na nywele ovyo.

Mtu akatokea kati ya misonobari. Alikuwa na shati tu, mikono imekunjwa hadi viwikoni. Mvuke ulikuwa unamtoka mabegani. Kila alipokanyaga, theluji ililia chaa, na nyuma yake alikuwa ameacha mashimo meusi yaliyofika kwenye majani ya mwaka jana.

Alikuwa Puustinen.

"Koti lako liko wapi, bwana mkaguzi?" Saimi akauliza, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyopanga.

"Garini. Leo kuna vuguvugu."

"Vuguvugu! Pua yangu hii naigusa siisikii, wewe unaniambia vuguvugu?"

Puustinen akafuta jasho. Macho yake yalikuwa mekundu, hayajalala. Yalikuwa yanatazama kidirisha cha chini cha nyumba, kile cha chumba cha boila.

Jikoni, Bibi Impi alikuwa ameshakaa kitambo. Mjukuu wake alimshusha mapema, na tangu aketi hakuacha kusema. Alikuwa na koti zito, kofia ya manyoya, kipande cha mkate mweusi mkononi na kikombe cha kahawa mbele yake.

"Nimewazaa watoto wangu wote humu," alikuwa anamwambia mzee Eemeli, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga chafya. Nyumba yangu baridi? Wanaijua baridi hawa?"

"Na kofia mbona hujavua?" mzee akauliza toka kitandani. Kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa jikoni, karibu na rejeta kubwa.

"Kofia ni pambo."

"Basi na meno yako yanayogongana ni ngoma."

Mlango ukafunguka, Puustinen akaingia.

Joto likaingia naye. Halikuvuma, lilikuja kama maji yanavyopanda kwenye beseni. Moshi ukaacha kumtoka mzee mdomoni. Barafu iliyokuwa imeshonana ndani ya vioo vya dirisha ikaanza kutiririka. Bibi Impi akavua kofia bila kujijua.

"Funga mlango, Saimi," mzee akasema kwa raha. "Joto limekuja."

Puustinen akatoa kipimajoto, akakiweka mezani, wakangoja. "Ishirini na mbili," akasema, na hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu anayeomba aaminiwe. "Dada Saimi, mtambo wako mzima. Unataka niseme nini? Niseme uongo?"

"Si nilisema!" Bibi Impi akadaka. "Anataka kunirudishia nyumba, huyu. Ameshaichoka."

Saimi akashika kiuno. Mwanamke huyu alipika chakula cha shule nzima kila siku, na alikuwa amezoea kutazamana na vitu vinavyochemka. Alimtazama Puustinen toka utosini mpaka kwenye viatu, na kile kidimbwi cha maji kilichokuwa kinatanuka chini ya viatu.

"Toka nje," akasema.

"Samahani?"

"Toka nje usimame pale uani. Kipimajoto kiache hapa."

"Mimi ni mkaguzi mwenye..."

"Toka, bwana! Au unaogopa nini?"

Puustinen akatoka. Mlango ukafungwa. Wote watatu wakakodolea macho kile kipimajoto, na hakuna aliyenyanyua kikombe.

Ishirini na mbili. Ishirini. Kumi na sita...

Ule uzi mwekundu ulikuwa unashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Kumi na moja. Pumzi ya mzee ikaanza tena kutoa moshi. Tisa. Kahawa ya Bibi Impi ikatengeneza utando. Kwenye dirisha barafu ilikuwa inajishona upya, ikakimbia toka pembeni kwenda katikati, isipokuwa mahali pamoja palipobaki duara safi la kioo.

Ndani ya duara lile kulikuwa na uso wa Puustinen, akiwatazama toka gizani.

"Ingia!" Saimi akapaza sauti.

Akaingia. Kumi na tano. Kumi na tisa. Ishirini na mbili.

"Toka tena."

"Inatosha," Puustinen akasema kwa kunong'ona.

"Toka, nimesema!"

"Inatosha, dada. Tafadhali." Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaufunika uso. Kiti kikatoa harufu ya mbao zilizoungua. "Mke wangu amehamia chumba cha watoto. Shuka zangu zimebadilika rangi. Daktari amenipima, anasema sina homa. Nikifumba macho nasikia mtu anapuliza moto... anapuliza tu, polepole. Kila siku jua likizama najikuta garini, na gari limeelekea huku. Leo hukuniita wewe. Uliponipigia simu nilikuwa nimeshafika darajani."

Hapo Saimi akaondoa mikono kiunoni. Alikuwa amejiandaa kugombana na mwongo, na aliyekuwa mbele yake ni mtu aliyeogopa.

Bibi Impi akaweka kikombe chini. Alikuwa amebadilika uso.

"Mwanangu," akamwambia Puustinen, "siku ulipokuja kukagua, nyumba tupu, boila ulilijaribuje?"

"Kama inavyotakiwa. Nililiwasha."

"Wewe? Kwa mkono wako?"

"Sasa ningemwita nani? Hakukuwa na mtu."

"Na ndani ulikuta majivu?"

"Hapana. Lilikuwa limefagiliwa safi. Nilishangaa, watu hawaachi boila safi hivyo."

"Ole wangu," Bibi Impi akasema.

Mzee Eemeli akajiinua kwenye mto. "Impi! Umezoa majivu yote, ukaondoka, ukamwacha mtu wa mjini awashe?"

"Ningejuaje kwamba wakaguzi huwasha?"

"Saimi," mzee akageuka, "mimi nilidhani wewe ndiye uliyewasha wa kwanza. Hata kuuliza sikuuliza. Nilijua tu kwamba mwenye nyumba ndiye huwasha. Kila mtu anajua!"

Saimi hakujua. Baba yake akiwa kambini kukata miti, yeye alikuwa amekulia mjini kwenye maghorofa, ambako joto hutoka ukutani na hakuna anayelisalimia. Basi Bibi Impi akamweleza, harakaharaka, kwa sauti ya chini, macho yake yakiruka kila mara kwenye mlango wa chumba cha chini.

Moto wa nyumba una mwenyewe. Mwenyewe ni yule aliyeuwasha mara ya kwanza. Akiwa hai joto hulala naye, akifa hubaki kuulinda. Ukihama, unazoa majivu yake yote, unamwita kwa jina, unaondoka naye. Impi alifanya hivyo. Alimwita babu wa mumewe, akambeba kwenye ndoo mpaka kwenye nyumba yake mpya ya ghorofa, na kwa kuwa huko hakuna jiko la moto, akamtia kwenye chungu cha maua barazani.

"Na amekaa?" mzee akauliza.

"Hajalalamika. Lakini huku nyuma meko yakabaki wazi, hayana mtu. Meko yaliyo wazi humshika wa kwanza anayewasha. Angekuwa analala humu, joto lingetulia humu. Sasa huyu analala Kajaani. Joto linamfuata yeye, na nyumba..." Akaisukuma kahawa yake kando. "Nyumba inamtaka arudi. Na meko yasiyo na mlinzi hayana subira ya kungoja mtu azeeke."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Saimi alitaka kucheka. Alitaka kumwambia bibi aende na chungu chake. Mdomo ulifunguka kabisa.

Fuuu...

Sauti ilitoka chini ya sakafu.

Fuuu... fuuu...

Mtu alikuwa anapuliza makaa.

Ikaja harufu ya masizi, na nyuma ya masizi, harufu ya nywele zinazoungua. Saimi akahisi kitu miguuni. Joto. Lilikuwa linapanda toka kwenye mbao za sakafu, joto tamu, kama la mkate unaotolewa tanurini, likamfika magotini, likamfika kifuani. Mzee Eemeli akashusha pumzi ndefu iliyotoka bila kukoroma. Midomo yake ikapata damu. Tangu theluji ianguke Saimi hakuwahi kumwona baba yake na sura ile.

Ndipo akageuka. Kiti cha Puustinen kilikuwa kitupu.

Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi.

Saimi akaruka, lakini Bibi Impi akamdaka mkono wa sweta.

"Mwache," akanong'ona.

"Nini?"

"Mwache, mwanangu. Aliwasha mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Akishuka, nyumba itashiba. Baba yako atabaki hapa, yule muuguzi atavua koti akupongeze. Unadhani wewe wa kwanza? Kila nyumba yenye joto kilimani hapa ina mtu chini yake."

Nami sitamsingizia Saimi utakatifu. Alisimama. Kwa muda wa pumzi moja alisimama, akamtazama baba yake mwenye mashavu mekundu, na akataka. Alitaka kwa moyo wake wote.

"Saimi." Mzee alikuwa ameanza kuvua soksi, moja baada ya nyingine, kisha akasita na soksi mkononi. "Hili joto... linanuka mtu. Mimi silitaki."

"Umesikia?" Saimi akamwambia Bibi Impi. Akaunyofoa mkono wake, akapiga moyo konde, akashuka.

Taa ya chini ilikuwa imefifia, nyekundu. Puustinen alikuwa amepiga magoti mbele ya boila. Mlango wake wa chuma ulikuwa wazi, na moto haukuwa unapanda kwenye dohani kama moto wa watu. Ulikuwa umelala. Ndimi zake zote zilikuwa zimenyooka kuelekea nje, kwake, kama majani yanavyolala upepo ukipita. Nyusi zake zilikuwa zimeshaungua. Alikuwa anatabasamu.

Fuuu...

Majivu yaliyokuwa sakafuni yakatimka. Aliyepuliza alikuwa pembeni ya Puustinen kabisa, begani kwake.

Hakukuwa na mtu.

Saimi akamshika Puustinen ukosi, akavuta. Ukosi ulimuunguza vidole. Akamvuta hivyohivyo, akamzaba kofi moja, akamzaba la pili.

"Amka, bwana! Mkaguzi mzima huoni moto?"

"Kuzuri," Puustinen akasema kwa sauti ya usingizi. "Kuzuri hapa..."

"Kuzuri kwa mkeo. Kaa kule!" Akamsukumia kwenye ngazi.

Kisha akafungua mlango wa nje, ule wa kuingizia kuni. Baridi ya usiku ikamvaa usoni kama kofi, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba aliifurahia. Akachukua koleo la majivu, akaanza kuchota. Makaa, magogo yanayowaka, majivu, vyote akavirusha nje kwenye theluji. Theluji ikapiga mayowe. Nyuma yake kile kitu kilikuwa kinapuliza haraka sasa, fu, fu, fu, fu, kama mtu anayekimbia, na kila alipochota, pumzi ile ilimpiga kisogoni, moto. Nywele zake zikanuka. Hakugeuka. Aliogopa kugeuka, na kwa sababu aliogopa akatukana, matusi ya jikoni na matusi ya kambini aliyoyasikia kwa baba yake, mpaka koleo likakwangua chuma kitupu. Akafagia. Kaa la mwisho, dogo kama punje ya dengu, akalibeba kwa vidole na kulitupa nje.

Taa ikazimika.

Kupuliza kukakoma.

Baridi ikashuka, ikawa nzito mpaka masikio yakauma. Na ndani ya tumbo la boila, taratibu, kama mtu anayejifunza kusema, kitu kikauliza:

"Nani... mwenye... moto?"

Kwenye ngazi meno ya Puustinen yakaanza kugongana.

"Nani...?"

Kiberiti kikalia krr.

Mwanga mdogo ukatokea, na ndani yake uso wa mzee Eemeli. Alikuwa ameshuka ngazi zote zile peke yake, mguu mmoja mtupu, kifua kinamlia kama mlango wenye kutu. Mkono wenye njiti ulikuwa umeshanyooka kuelekea kwenye mlango wa boila, na mkono mwingine ulikuwa na ganda la mti wa mbetula la kuwashia.

"Tangu zamani kiberiti hupewa mzee," akasema. "Ndiyo busara yenyewe, mwanangu. Mimi nimebakiza nini? Nitakuwa hapahapa. Sitakwenda kwenye televisheni ya mtu."

"Baba, zima."

"Sogea."

"Baba!" Saimi akaikamata ile njiti, moto na vyote, akaufinyia kiganjani. Giza likarudi. "Nimekuleta hapa uishi. Sikukuleta uwe kuni. Ukiwasha, wallahi sitakusamehe mpaka na mimi nife."

"Sasa nani awashe? Huyu kijana?"

"Nipe kiberiti."

"Saimi, hapana. Hapana, mama. Wewe bado..."

"Nipe."

Toka juu sauti ya Bibi Impi ikateremka, nyembamba: "Mwanangu, usichezee! Ukiwasha wewe, ni wewe!"

"Ndiyo maana nataka niwashe mimi!" Saimi akafoka gizani. "Nyumba yangu! Mnagawana watu kama maandazi, huyu apewe, yule aachwe, na hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba!"

Akampokonya baba yake kiberiti. Akapanga vijiti, akaweka lile ganda la mbetula, akapiga magoti palepale alipokuwa amepiga Puustinen. Kitu kikamkaribia. Alikisikia begani, hakina uzito, kinangoja.

"Nani..."

"Mimi," Saimi akasema. "Saimi, binti wa Eemeli. Majivu nimezoa mimi, moto nawasha mimi. Huyu mwanamume si wako, mwache aende kwa mkewe. Mzee huyu si wako. Utanipata mimi, sawa, lakini siku yangu ikifika, wala huji kunipulizia kisogoni kabla. Bibi yangu mzaa mama alikufa na miaka tisini na minane, na siku hiyo asubuhi alikuwa amegombana na daktari. Kwa hiyo utangoja sana."

Akawasha.

Ganda likashika, likanyauka, likatoa moshi mweusi. Moto ukalala kuelekea usoni kwake. Akahisi nyusi zikikauka. Hakurudi nyuma. Walitazamana, yeye na ule moto, na ikawa kama nani atapepesa kwanza.

Kisha ndimi zikainuka. Moja, na nyingine, zikapanda, zikaingia kwenye dohani zikivuma kama moto wa watu wote. Maji yakagugumia kwenye mabomba, toka chini mpaka juu, nyumba nzima.

Mzee Eemeli aliketi kwenye ngazi akalia. Hakuficha.

"Dada Saimi," Puustinen akasema. Alikuwa amejikunyata, midomo ya buluu, anatetemeka mwili mzima, na uso wake ulikuwa umejaa furaha kama mtoto. "Naomba koti. Naona baridi. Mungu wangu, naona baridi!"

Wakampa koti la zamani la mzee na kofia ya Bibi Impi, kahawa ikachemshwa upya. Alipokuwa anaaga akasimama mlangoni, akakuna kichwa. Ilibidi aandike kosa lilikuwa nini, mgogoro ufungwe, na hakujua aandike nini.

"Andika aliyewasha hakuwa mwenye nyumba," Saimi akamwambia.

Baadaye alisikia kwamba mwenyewe aliandika "hitilafu ya uwashaji, imerekebishwa". Si haba.

Bibi Impi alikuwa wa mwisho kutoka. Alimshika Saimi mkono, ule wenye kiganja kilichoungua, akautazama. "Umejifunga, mwanangu."

"Nimejifunga kwangu," Saimi akajibu, na kumfungulia mlango.

Jumatatu muuguzi wa wilaya alikuja, akavua koti, akavua na sweta, akampima mzee na kufunga mkoba wake. Mzee Eemeli alibaki. Aliumaliza msimu ule wa baridi akilala na shuka moja, miguu nje, akilalamika kwamba Saimi anapika kahawa nyepesi. Ila siku zingine alinyamaza katikati ya lalamiko, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, na Saimi alijua anachofikiri, akamletea mkate ili asikiseme.

Machi, Saimi aliuacha moto uzimike ili afagie masizi. Alisahau kuuwasha siku hiyo, akasahau na kesho yake. Nyumba haikupoa. Aliposhuka kutazama, boila lilikuwa tupu, safi, na chuma chake kilikuwa na joto la mwili. Hakumwambia mtu.

Na jioni, akiwa anaosha vyombo na mzee anasinzia, hukisikia kile kitu. Fuuu... Taratibu, chini ya mbao, pale hasa aliposimama yeye. Akihamia mezani, nacho huhamia mezani. Mwanzoni alikuwa anaimba ili asisikie. Lakini kuimba ni kuogopa, na Saimi alichoka kuogopa nyumbani kwake.

Jioni moja alikung'uta mikono yenye povu, akapiga sakafu kwa kisigino, mara moja, kwa nguvu.

"Nilikwambia utangoja," akasema. "Basi kaa kitako ungoje!"

Kupuliza kukakoma. Saimi akarudi kwenye vyombo vyake, anatabasamu.

Chini, kwenye chumba cha boila ambacho hakijawahi kuwa na kiti, kitu kikavuta kiti, polepole, sakafu yote, mpaka chini ya miguu ya Saimi. Kikakaa.